Karatasi ya Kurudi

Wenzangu wa kikundi cha akina mama hapa Mahoo, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kila Jumapili baada ya ibada, nami nimekuwa nikijibu kwa kifupi kwamba nilifika, nilimwona, nimerudi. Mmoja wenu akaniambia hilo si jibu, ni salamu. Nimekaa chini basi nikaandika yote tangu mwanzo, ili hata wale waliohamia Mwatate na Voi wapelekewe wasome. Mambo ya fomu, picha na mihuri nitayaruka. Yalinichosha wakati ule na sitaki yanichoshe tena.

Mahoo hadi mjini Taveta

Mnaojua nyumba yetu mnajua kwamba ukisimama nyuma ya migomba asubuhi, kabla vumbi halijaamka, unaiona milima ya Ugweno ng'ambo ya Ziwa Jipe, upande wa Tanzania. Kule ndiko nilikozaliwa. Nilipoolewa na Mwadime, mpaka ulikuwa jina tu. Mama yangu alikuja Taveta siku ya soko na magimbi yake kichwani, akauza, akalala kwetu, akarudi kesho yake, wala hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Kisha mpaka ukafungwa. Binti yetu Wakesho alikuwa bado ananyonya. Ulipofunguliwa alikuwa anajua kusoma. Miaka yote hiyo katikati niliiona milima kila siku ya Mungu. Nikiona moshi wa mtu anayechoma shamba kule juu, nilisimama na jembe nikijaribu kukisia kama ni upande wa kwetu. Baba alifariki katika miaka hiyo. Habari zilinifikia muda mrefu baada ya kuzikwa, zikapitia kwa watu ambao hata hawakujua alikuwa mgonjwa. Nililia hapa Mahoo, nikiitazama milima, na mkaja kunifariji.

Mpaka ulipofunguliwa, mama mmoja muuza vitambaa alivuka na kunitafuta sokoni. Alitoka kijiji cha jirani na kwetu. Aliniambia mama yangu haoni tena vizuri, na kwamba kila akisikia gari likipanda kilima anauliza ni nani aliyekuja.

Nilikwenda mpakani siku iyo hiyo na nguo nilizovaa. Afisa niliyemkuta alikuwa kijana mwenye adabu, na alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza nimezaliwa wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama nina chochote kinachoonyesha kwamba naishi Kenya kihalali. Nikamwambia nina mume na watoto watatu.

“Kutoka sikuzuii, mama,” alisema. “Kurudi ndiko siwezi kukuahidi.”

Alinieleza polepole. Mimi ni raia wa Tanzania. Nikivuka bila cheti cha ukaazi kutoka ofisi ya uhamiaji, siku ya kurudi nitakuwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote, na yeye au mwenzake atakayekuwa zamu anaweza kunikatalia. Ofisi yenyewe iko Mombasa. Tena niende na mtu mzima wa upande wa mume, aliyeshuhudia ndoa. Baba mkwe alikwisha kufariki. Kati ya waliokuwapo kwenye ndoa aliyebaki ni mama mkwe, naye anaishi juu Wundanyi.

Fikirini hilo. Kwetu kulikuwa mbele ya macho yangu. Ili nifike, ilinibidi niipe milima mgongo na kwenda mpaka baharini.

Shemeji mmoja alisema niache upuuzi, nivuke ziwani na wavuvi kama wengine walivyokuwa wakifanya. Mwadime alikataa. Alisema anaweza kuvumilia mke aliye safarini, lakini hawezi kuwaeleza watoto kuhusu mke aliyezuiwa upande wa pili. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa imekaribia na vitunguu vilikuwa vichanga, kwa hiyo alibaki na shamba na watoto, na mimi nikafunga kikapu.

Taveta hadi Voi

Gari moshi la Taveta siku hizo lilibeba mizigo zaidi ya watu, na liliondoka likiwa tayari. Mwadime alinisindikiza na watoto. Wakesho aliniuliza kama Mombasa ndiko kwa bibi. Nikamwambia hapana, ila ndiyo njia ya kwenda kwa bibi. Aliitazama milima, kisha akatazama gari linakoelekea. Nilipanda haraka ili asinione uso.

Tulipita kwenye mkonge, kisha kwenye pori kavu. Baada ya Maktau, gari likasimama. Kwanza tulidhani tunawapisha ndovu, kwa sababu kule ni kwao. Dereva akashuka, akapanda, akashuka tena na kopo la maji. Mwishowe ikajulikana kwamba injini imekufa na nyingine itatoka Voi, ikipatikana.

Watu walishuka wakakaa kwenye kivuli cha mabehewa. Wengine waliwasha moto wakachemsha chai kwenye makopo. Mimi nilikaa karibu na mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye watoto wake walimfanya ajulikane behewa zima kwa jina la Mama Akinyi. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge la Taveta, na yeye alikuwa anakwenda kwao, mbali kule magharibi, upande wa Kisumu, kwa arusi ya ndugu yake. Alifungua samaki wa Jipe waliokaangwa wakakauka vizuri, na ugali wa mtama. Mimi nilifungua makande yangu. Tukaweka vyote katikati.

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikageuka nikaonyesha nyuma, ambako milima ilikuwa imebaki kama alama ya penseli.

“Hapo tu?” aliuliza.

“Hapo tu.”

Nikamweleza habari ya cheti. Alisikiliza huku akimtoa mtoto miiba ya samaki. Akasema yeye atalala njiani mara mbili kabla hajafika kwao, na kama gari litafanya tena mambo haya atalala mara tatu, lakini akishapanda hakuna atakayemuuliza neno. Halafu akasogeza kipande kikubwa cha samaki upande wangu. Sijui kwa nini kipande kile cha samaki ndicho kilichonitoa machozi, baada ya kujikaza tangu asubuhi.

Injini ilikuja jua likiwa limeshuka. Voi tuliingia jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mama Akinyi alinishika mkono tukaingia hoteli moja karibu na stesheni, na hapo ndipo nilipochekwa. Nilimwambia yule mhudumu, “Naomba chai na mandazi.” Akanitazama, akatazama kikapu changu na miguu yangu yenye vumbi, akasema kwa upole kabisa, “Hapa hatupeani bure, mama.”

Mama Akinyi alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Aliwaeleza watu wote kwamba huyu ni wa ng'ambo, na kule wanaomba hata kile wanacholipia. Hoteli nzima ikaanza kuomba chai, kuomba chumvi, kuomba njia ya kupita. Mhudumu aliona haya akaniletea andazi la ziada. Nilicheka pamoja nao, na sikuwa na uchungu na mtu. Lakini Taveta hakuna anayenisikia nikisema naomba, kwa kuwa sote ni mchanganyiko. Voi nilikuwa mgeni tena kwa neno moja.

Tuliagana hapo. Yeye alikuwa anangoja gari la Nairobi. Sikumwona tena, na sijui hata jina lake mwenyewe.

Voi hadi Wundanyi

Nililala kwa binamu ya Mwadime, na asubuhi nikapanda basi la milimani. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujinyonganyonga na baridi inaingia madirishani. Mimi ni mtu wa milima pia. Nilipoona matuta ya maharagwe yamekatwa ubavuni mwa kilima, na moshi unaotoka kwenye paa bila kutafuta dohani, moyo ulinidanganya kidogo kwamba nimefika kwetu. Hata harufu ya udongo uliolowa ukungu ilikuwa ile ile. Kisha watu wakaanza kusalimiana Kidawida, na moyo ukatulia.

Mama mkwe na mimi hatukuwa maadui, mnajua. Lakini alipenda Mwadime aoe huku juu, kwa watu anaowafahamu. Alikuwa amekuja Mahoo mara chache sana, akilalamikia joto na mbu, na kila mara aliondoka kabla hatujazoeana.

Safari hii alinipokea kwa maneno machache kuliko kawaida. Alichukua ndizi nilizomletea, akaziweka pembeni bila kuzifungua. Alinipakulia kimanga cha muhogo na maharagwe, kingi, kizuri, lakini hakunitazama nilipokuwa nakula. Jioni yote aliniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Wanakula nini. Nani anawaogesha sasa. Wakiugua usiku watamwita nani. Nilijibu yote nikidhani ni upendo wa bibi, na ulikuwa upendo, ila sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayehesabu vyombo baada ya msiba.

Asubuhi nilimwambia kilichonileta, kwamba nahitaji aende nami Mombasa aseme mbele ya afisa kuwa mimi ni mke wa mwanawe. Aliweka chini ungo wake.

“Mwanangu amekukosea nini?” aliuliza.

Nikamwambia hajanikosea lolote.

“Basi kwa nini unataka niende mpaka Mombasa kukusaidia kumwacha?”

 Kidogo kidogo ndipo nikaelewa. Mtu mmoja wa Mahoo alikuwa amepanda Wundanyi kununua kabichi kabla yangu, akamweleza mama mkwe kwamba Mama Wakesho anatafuta karatasi ya kwenda kwao. Mtu yule hakusema uongo. Lakini mama mkwe alisikia kile ambacho mama yeyote angesikia. Alikuwa amekesha usiku kucha akifikiria ni nani atakayelea watoto watatu.

“Mama,” nikamwambia, “ya kwenda sihitaji. Naweza kwenda hata leo. Ninayotafuta ni karatasi ya kurudi.”

Alinifanya nirudie, mara ya pili kwa Kidawida changu kibovu. Kisha akainuka akatoka nje. Nilimsikia akiwaita kuku, akiongea na jirani, akifunga mlango wa banda. Nilikaa na ule ungo miguuni, nikafikiri kwamba amekataa. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani na kushika viatu mkononi.

“Basi la kushuka linapita sasa hivi,” alisema. “Vaa sweta, utaugua.”

Kabla hatujatoka alizifungua zile ndizi, akachagua zilizoiva akazitia kwenye mfuko wa safari.

Voi hadi Maungu

Kutoka Voi tulipata basi la Mombasa mchana. Mama mkwe alikaa dirishani, mfuko mapajani, akiwa amenyooka kama aliye ibadani. Hakuwa amekwenda Mombasa tangu ujana wake. Hatukuwa tumefika mbali rejeta ilipoanza kutoa mvuke, na tulipofika Maungu basi likakataa kabisa. Kondakta alitutangazia kwamba lingine linakuja. Hakusema lini.

Maungu mnaijua. Malori yamepangana kando ya barabara, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wamelala chini yake, wanawake wanauza mayai ya kuchemsha na maji ya kunywa, na jua halina huruma. Tulipata ubao wa kukalia ukutani mwa duka moja. Tulikula ndizi zetu, tukanunua mayai. Baada ya muda niliona mama mkwe hatafuni tena. Alikuwa ameligeukia pori upande wa kusini, ambako mlima mmoja unasimama peke yake kwenye tambarare, wa buluu.

“Kule,” alisema.

Nilijua ule ni mlima wa Kasigau. Sikujua kwamba mama mkwe alizaliwa chini yake. Mwadime mwenyewe alikuwa ameniambia tu kwamba mama yake si wa Wundanyi hasa, na mimi sikuuliza zaidi. Alinisimulia yeye mwenyewe pale ukutani. Aliletwa milimani akiwa msichana, kwa miguu, akifuatana na shangazi wawili. Alidhani atarudi kusalimia baada ya mavuno. Kisha akapata mimba, kisha watoto, kisha mume akaugua, kisha mama yake akafariki, na baada ya hapo hakuona sababu ya kwenda. Kulikuwa na mdogo wake wa kike, Mkawasi. Alisikia zamani kwamba alikufa kwa homa.

“Mimi hakuna aliyenizuia,” alisema. “Sikuhitaji hata karatasi. Siku zilipita tu.”

Miongoni mwa wauzaji alikuwapo mwanamke wa makamo mwenye chupa za asali. Mama mkwe alimsikia akibishana na dereva wa lori, akayatambua matamshi yake. Akamwita. Walisalimiana, wakaulizana ukoo, na nikaona yule mwanamke anaweka chini chupa zake zote. Mkawasi yupo, alisema. Ni mzee, mguu mmoja unamsumbua, lakini yupo, na bado anaimba kanisani kwa sauti ya kuwashinda wasichana. Aliyekufa kwa homa alikuwa Mkawasi mwingine, wa nyumba ya tatu.

Mama mkwe hakupiga kelele wala hakulia. Alimwomba yule mwanamke arudie. Kisha akafungua leso aliyojifunga kiunoni, ile nzuri aliyokuwa ameivaa kwa ajili ya afisa wa Mombasa, akaikunja vizuri akampa. Akasema ampelekee Mkawasi, amwambie imetoka kwa dada yake, na kwamba bado ina jasho lake.

Nilimwambia tungeweza kusubiri. Kulikuwa na lori lililokwenda Kasigau siku za soko, na mimi ningengoja naye hata wiki. Alifikiri, nikamwona anafikiri kweli.

“Mama yako haoni,” alisema. “Tuanze na wewe. Mkawasi sasa anajua nilipo.”

Nawaambia hapa hapa ili msiendelee kuuliza: alikwenda, baada ya mavuno ya mwaka huu, na akakaa mpaka Mwadime akaanza kumtumia salamu za kumkumbusha kwamba ana nyumba.

Basi lilipokuja tulipanda tukasimama mpaka Mariakani. Alinishika mkono njia nzima, na sikuweza kusema kama alikuwa ananitegemea au ananishikilia.

Mombasa

Tulifikia kwa jamaa Changamwe. Mama mkwe aliomba kuiona bahari, tukapelekwa. Aliitazama kwa heshima, akachovya kidole akaonja, akasema maji mengi kiasi hiki yasiyonyweka ni hasara. Hakuitaja tena.

Ofisini tulikaa kwenye benchi siku nzima. Kulikuwa na watu wa kila aina pale, na wote walikuwa na ule utulivu wa watu wanaoogopa kuharibu mambo. Tulipoitwa, afisa aliuliza maswali yake bila kuinua macho.

“Huyu unamjua?”

“Ni mke wa mwanangu,” mama mkwe alijibu.

“Anaishi wapi?”

“Kwangu.”

Afisa akainua macho. “Hapa imeandikwa Mahoo, Taveta. Wewe umesema unatoka Wundanyi.”

“Ndiyo.”

“Sasa anaishi Mahoo au kwako?”

“Anaishi Mahoo, kwangu.”

Nilijaribu kueleza, nikaambiwa ninyamaze kwa kuwa si mimi ninayeulizwa. Aliuliza tena, akajibiwa vile vile. Akafunga faili akasema maelezo yanapingana, turudi kesho. Nje, mama mkwe aliniuliza amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea. Na sikuwa namliwaza. Nilikuwa nimesimama kwenye jua la Mombasa nikijaribu kuzoea kwamba miaka yote ile, alipokuwa akiondoka mapema kwa sababu ya mbu, nyumba yangu aliihesabu kuwa kwake.

Jioni ile tulikaa barazani tukila mbaazi za nazi. Aliniomba nimweleze habari za mama yangu. Si ugonjwa wake, alisema, yeye mwenyewe. Nikamweleza anavyotembea, anavyocheka akiwa amefunika mdomo, anavyokataa kukaa wakati mtu mwingine anafanya kazi. Nilipofika kwenye mambo ya siku hizi nikagundua kwamba sijui lolote. Nilikuwa naeleza habari za mama wa zamani.

Kesho yake tulikuta afisa mwingine, mzee wa pwani mwenye sauti ya polepole. Alisoma faili, akamgeukia mama mkwe.

“Nyumba ya mwanao waihesabu yako, sivyo?”

“Ningeiita ya nani?”

Akatabasamu akaandika. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. Akasema wapo wanaopewa cheti wakavuka wasionekane tena, na yeye ndiye anayeulizwa. Je, huyu akivuka asirudi?

Mama mkwe alinitazama kwanza, muda mrefu, kama vile mimi ndiye niliyeuliza.

“Atarudi,” alisema. “Na asiporudi nitamfuata mwenyewe. Mniandikie na mimi karatasi.”

Mzee yule alicheka, na wenzake wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Cheti nilikipata baada ya siku kadhaa za kwenda na kurudi ambazo, kama nilivyowaahidi, naziruka. Mama mkwe hakurudi Wundanyi. Alipanda nami gari mpaka Mahoo, akavua viatu mlangoni, akaanza kufagia, akaniambia niende na nisiwe na wasiwasi na watoto.

Ng'ambo

Niseme mapema kwamba karatasi ilifanya kazi yake. Siku ya kurudi afisa wa mpakani aliisoma, akaikunja, akanirudishia, na ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Hilo limekwisha. Hili la katikati ndilo mnalouliza.

Nilivuka na sabuni na sukari, kwa kuwa nilisikia kule vimeadimika. Ndani ya basi la kutoka Himo niliomba kupishwa, na mama mmoja akamwambia mwenzake, “Mpishe huyu Mkenya.” Nikamwambia mimi ni mtu wa Ugweno. Akaniambia kwa wema kabisa kwamba nimekijua Kiswahili vizuri lakini lafudhi ni ya Kenya. Niligeuka dirishani. Sikutaka kubishana juu ya hilo siku ile.

Kutoka barabara kuu nilipata lori la kubeba mbao lililonipandisha mpaka nusu ya kilima, kisha nikatembea. Nilikuta mifereji pale pale, na njia imehamishwa. Watoto niliopishana nao walinisalimia kama mgeni, na walikuwa na haki.

Mama alikuwa amekaa nje akichambua maharage kwa vidole, uso umeelekea mbali. Alisikia hatua akauliza ni nani.

“Ni mimi, mama. Nakijwa.”

Aliendelea kuchambua. “Nakijwa yuko ng'ambo,” alisema, kama anayemweleza mtu aliyepotea njia.

Nilipiga magoti nikaweka mikono yangu ndani ya ungo, juu ya maharage, akaishika. Aliipapasa muda mrefu, viganja, vidole, kucha.

“Imekuwa migumu,” alisema.

“Tunalima, mama.”

“Umekula?”

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi kwa mazishi ya baba, maneno ya kueleza, hata maneno ya kulaumu. Nilisema bado sijala, naye akainuka akashika ukuta, akaufuata mpaka jikoni, akanipakulia makande. Hakuniruhusu nimsaidie. Nilikula yote na yeye amekaa karibu akinisikiliza nikitafuna.

Nilikaa naye kwa muda ambao cheti kiliniruhusu. Tulikwenda kwenye kaburi la baba, yeye akiwa mbele, kwa sababu njia ile aliijua kwa miguu. Aliniuliza watoto wanafanana na nani. Nikamwambia Wakesho ana paji la uso la baba. Akataka kujua kama ni pana kweli au nasema tu. Aliniambia kwamba kabla macho hayajaharibika, jioni alikuwa akitoka kutazama bondeni, upande wa Taveta, taa zilipowashwa. Alijichagulia taa moja akaiita yangu. Alijua huenda ni ya mtu mwingine, hata ya duka. Lakini ikichelewa kuwaka hakupata raha.

Siku ya kuondoka hakutaka kunisindikiza mpaka barabarani. Alinifungia magimbi kwa majani ya mgomba, akayafunga mara mbili, akayashika muda mrefu kabla hajanipa.

“Teremka mapema,” alisema. “Kwenu ni mbali na watoto wanakungoja.”

Siku zote alikuwa akisema “huko uliko”. Nilisikia lile neno “kwenu”, na nadhani na yeye alijisikia akilisema, maana aligeuka upesi akatafuta ungo wake.

Nilianza kuteremka. Nilipofika kwenye mfereji wa chini nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni ananiaga, mkono juu, lakini aliuelekeza kwenye ile njia ya zamani ambayo haipitwi tena. Nikamwita. Alitega sikio, akageuza mwili wote upande wangu, akainua mkono tena. Nikateremka kidogo, nikaita tena ili ajue nimefika wapi, naye akageuka tena kidogo. Tuliendelea hivyo, mimi nikiita na yeye akigeuka, mpaka kona ambapo sauti haifiki.